Kupima nyonga inayouma kwa mikono: mwongozo kwa zahanati na vituo vya afya

Mgonjwa anaposhuka kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi akilalamika kwamba nyonga inamuuma, jambo la kwanza analotarajia, na mara nyingi ndilo la kwanza analopewa, ni karatasi ya kwenda kupiga eksirei. Picha ina kazi yake, lakini inaonyesha mifupa, haionyeshi maumivu yanakotoka. Wapo wazee ambao gegedu la nyonga limelika sana kwenye picha na bado wanapanda kwenda shambani bila tabu, na wapo vijana ambao kichwa cha fupa la paja kimeanza kufa kwa kukosa damu huku picha yao ya kwanza ikisomwa kuwa haina kasoro. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, na uchunguzi unaoelezwa hapa hauhitaji zaidi ya kitanda kigumu, futi ya fundi cherehani, shuka moja na mikono miwili. Swali linalotangulia mengine yote ni hili: je, maumivu ni ya kiungo cha nyonga chenyewe, au yanatoka kwingine na kujitokeza hapo?

Goti likijaa maji utaliona na kulibonyeza. Kiungo cha nyonga kimefukiwa chini ya misuli minene, na hata kikijaa usaha huwezi kuona uvimbe kwa nje. Ndiyo maana uchunguzi wake hutegemea zaidi mwendo kuliko kubonyeza, na anayeanza kwa kubonyeza huishia kupata maumivu kila mahali na jibu lisilo na maana.

Maswali kabla ya kugusa

Mwombe mgonjwa asitaje mahali panapouma, bali aweke mkono wake hapo. Akiweka vidole kwenye kinena, au akizungushia kiganja ubavuni, gumba likiwa nyuma na vidole vinne mbele mfano wa herufi C, fikiria kiungo chenyewe. Akiweka kiganja kwenye nundu ya mfupa iliyo ubavuni mwa paja na kusema hawezi kulalia upande huo usiku, fikiria misuli na kano zinazojishika kwenye nundu hiyo, tatizo linalowapata sana wanawake wenye umri wa kati. Akishika tako au kiuno, hasa kama maumivu yanashuka kupita goti hadi kwenye unyayo, anza kuushuku uti wa mgongo.

Maumivu ya nyonga huweza kushuka mbele ya paja hadi gotini, kwa sababu neva zinazohudumia nyonga huhudumia goti pia. Kuna wagonjwa wanaofika na bahasha yenye picha mbili au tatu za goti ambalo halijavimba wala halina kasoro yoyote, na nyonga haijawahi kuguswa na mtu. Kila goti linalouma bila sababu inayoonekana, nyonga ya upande huo ipimwe. Kwa mtoto hili ni sharti lisilo na mjadala.

Uliza mambo ya maisha ya kila siku, kwa maana hayo ndiyo yanayoeleza mwendo uliopotea. Je, anaweza kuchutama kwenye choo cha shimo na kuinuka bila kushika ukuta? Anakata mwenyewe kucha za mguu huo? Kwa anayeswali, anaweza kukaa baina ya sijida mbili? Swali kama “Babu, ukipanda kifodi, huo mguu unapanda wenyewe au unauinua kwa mkono?” (kifodi ni gari dogo la abiria) hutoa habari nyingi kuliko kumtaka apime maumivu kwa namba kutoka sifuri hadi kumi, ingawa namba hiyo nayo inafaa kuandikwa ili ilinganishwe katika ziara zinazofuata.

Baada ya hapo uliza kuhusu homa, kupungua uzito, kutokwa jasho usiku, kikohozi cha muda mrefu au kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, kuanguka, na maumivu yanayomwamsha usiku hata akiwa ametulia. Uliza pia kuhusu selimundu, maambukizi ya VVU, matumizi ya prednisoloni na pombe, kwa kuwa yote haya yanahusishwa na kufa kwa kichwa cha fupa la paja. Swali la pombe liulizwe kwa heshima na kwa kutaja kiasi, maana mbege ya ubatizo na harusi si sawa na chupa ya pombe kali ya kila siku kwa miaka mingi.

Wagonjwa ambao hupaswi kuwazungusha mguu

Kabla ya kuendelea na vipimo vya mwendo, hakikisha kwamba aliye mbele yako si mmoja wa hawa.

Mzee aliyeanguka nyumbani au shambani, ambaye mguu wake umekuwa mfupi na unyayo umelala kwa nje, ahesabiwe kuwa amevunjika shingo ya fupa la paja mpaka picha ithibitishe vinginevyo. Hakuna cha kupima zaidi ya mapigo ya damu na hisia kwenye unyayo. Mpe dawa ya maumivu, mtulize mguu, mpeleke. Tahadhari iwe kubwa zaidi kwa wale ambao mfupa umevunjika na kujishindilia, kwa sababu baadhi yao huweza kusimama na hata kutembea hatua chache, na hapo ndipo wanaporudishwa nyumbani na vidonge. Kama bibi alikuwa anatembea vizuri jana, ameanguka, na leo kinena kinamuuma kila akikanyaga, apigwe picha.

Aliyepata ajali ya bodaboda au ya gari na mguu wake umekunjwa, umevutwa ndani, na goti linatazama mguu wa pili, nyonga yake imechomoka kwa nyuma. Kiungo hicho kinapaswa kurudishwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa sita inapowezekana, kwa sababu kadiri muda unavyopita ndivyo hatari ya kichwa cha mfupa kukosa damu inavyoongezeka. Mwambie avute vidole na unyayo kuelekea usoni kwake. Akishindwa, neva kubwa inayopita nyuma ya nyonga imeumia, na habari hiyo iandikwe kabla hajaondoka.

Mwenye homa asiyeweza kukanyaga, awe mtoto au mtu mzima, ambaye amelala na paja limekunjwa kidogo, limetanuliwa na kugeuzwa nje, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na usaha ndani ya kiungo. Huo ndio mkao unaokipa kiungo nafasi kubwa kuliko yote, na mgonjwa huuchagua mwenyewe bila kuambiwa. Hapa tofauti ya saa chache ina uzito, kwani usaha hula gegedu.

Wa mwisho ni mkimbiaji. Arusha na Moshi zina vijana wengi wanaokimbia kilomita nyingi kila juma, na kila mwaka mbio za Kilimanjaro Marathon huongeza wengine walioanza mazoezi kwa pupa. Maumivu ya kinena yanayozidi anapokimbia na kupungua anapopumzika yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya fupa la paja. Usimwambie aruke kwa mguu mmoja ili uone kama unauma, maana ufa unaweza kugeuka kuwa mvunjiko kamili mbele ya macho yako. Aache kukimbia, apewe magongo, na apelekwe panapowezekana kufanyiwa uchunguzi zaidi ya picha ya kawaida.

Akiwa amesimama na akitembea

Mpe shuka au kanga ya kujifunga, umweleze utakachofanya, na umwombe ridhaa. Kinena ni sehemu ya siri kwa watu wengi, na uwepo wa ndugu au muuguzi wa jinsia yake huondoa wasiwasi kwa pande zote mbili. Hata hivyo, heshima isiwe sababu ya kumpima mtu akiwa amevaa suruali ya jinzi. Nyonga zote mbili na miguu yote vionekane.

Mtazame kwa mbele, ubavuni na nyuma. Angalia makovu, tundu linalotoa usaha, ambalo katika nchi yetu hukumbusha kifua kikuu cha mifupa, na tako au paja lililosinyaa upande mmoja. Weka mikono yako juu ya kingo za fupanyonga pande zote mbili uone kama ziko usawa. Ukimtazama ubavuni, kiuno kilichobonyea sana kwa ndani kinaweza kuwa kinaficha nyonga isiyonyooka, jambo tutakalolirudia kwenye kipimo cha Thomas.

Kisha atembee kwenye ukumbi, aende na kurudi. Anayeumia hukanyaga mguu mbovu kwa muda mfupi na kuuondoa haraka. Mwenye misuli dhaifu ya ubavu wa nyonga hulalia upande wa mguu huo kila anapoukanyaga, na kama udhaifu uko pande zote mbili huyumba huku na huku. Mwenye mguu mfupi hushusha bega upande huo. Kama ana fimbo, angalia ameishika mkono gani. Wengi huishika upande unaouma, na kumhamishia mkono wa upande wa pili ni tiba ndogo unayoweza kumpa palepale, kwa sababu fimbo ya upande wa pili ndiyo inayopunguza mzigo kwenye nyonga mbovu.

Kipimo cha Trendelenburg, kilichopewa jina la daktari wa upasuaji wa Kijerumani aliyekieleza mwaka 1895, hufanyika hapahapa. Simama ukitazamana na mgonjwa, mpe viganja vyako aviwekee vyake ili asianguke, na umwombe asimame kwa mguu mmoja huku akikunja goti la pili nyuma. Kwa kawaida upande wa mguu ulioinuliwa hubaki usawa au hupanda kidogo. Upande huo ukishuka, misuli ya ubavu wa nyonga ya ule mguu aliosimamia haina nguvu, au kiungo chake kinauma kiasi cha kuizuia kufanya kazi. Wanafunzi hukosea hapa kila mwaka: upande unaoshuka ndio mzima, na upande aliosimamia ndio wenye tatizo. Mkao huo udumu kwa sekunde 30, kwa maana udhaifu mwingine hujitokeza misuli ikichoka, na mgonjwa anayepata maumivu ya ubavuni katika muda huo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo la kano za ubavu wa nyonga kuliko la kiungo. Viganja vyako vitakusaidia pia, kwani mkono mmoja ukikandamizwa kwa nguvu kuliko mwingine utajua anaegemea wapi.

Kitandani: urefu wa miguu

Mgonjwa alale chali, bila mto mkubwa, kwenye kitanda kisichobonyea. Godoro laini huharibu karibu kila kipimo kinachofuata. Kama kitanda cha zahanati kimechoka, tumia meza imara iliyotandikwa blanketi.

Tafuta kwa kidole gumba ile ncha ya mbele ya fupanyonga inayoshikika chini kidogo ya mahali mkanda wa suruali unapokaa. Hakikisha ncha za kulia na kushoto ziko kwenye mstari mmoja unaokatiza mwili, kisha pima kwa futi kutoka kwenye ncha hiyo hadi kwenye kifundo cha ndani cha mguu, kila upande. Huo ni urefu halisi. Pima tena kutoka kwenye kitovu hadi kwenye kifundo hichohicho, na huo ni urefu unaoonekana. Vipimo vya kwanza vikilingana na vya pili vikatofautiana, mfupa haujafupika: fupanyonga limepinda kwa sababu nyonga au mgongo umekakamaa. Kama mguu mmoja hauwezi kutanuka, uweke wa pili katika mkao uleule kabla ya kupima, la sivyo futi itakudanganya. Tofauti isiyofika sentimita moja mara nyingi haina uzito wowote, na si haki kumtia mtu wasiwasi kwa ajili yake.

Kipimo cha Thomas

Nyonga iliyougua kwa muda mrefu hushindwa kunyooka, na mwili hulificha kosa hilo kwa kubonyeza kiuno mbele. Mgonjwa hulala akionekana amenyooka kabisa, kumbe ni kiuno kilichoinuka kutoka kitandani. Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa aliyefanya kazi Liverpool katika karne ya 19, ndiye aliyeacha njia ya kuufichua udanganyifu huo.

Pitisha mkono wako mmoja chini ya kiuno cha mgonjwa, kiganja kikitazama juu. Kwa mkono wa pili, kunja nyonga iliyo nzima taratibu ukilisukuma goti kuelekea tumboni, mpaka uhisi kiuno kimeshuka na kuukandamiza mkono wako. Simama hapo hapo. Sasa tazama paja la upande unaouma: kama bado limelala kitandani, nyonga hiyo inanyooka, kama limeinuka lenyewe, pembe iliyopo kati ya paja na kitanda ndiyo kiasi cha mkunjo usionyooka, na uiandike kwa nyuzi.

Kosa la kawaida ni kuendelea kulisukuma goti zima baada ya kiuno kushuka. Ukifanya hivyo fupanyonga huendelea kugeuka, na hata nyonga isiyo na kasoro itaonekana kama haiwezi kunyooka. Mkono ulio chini ya kiuno ndio unaokuambia usimame lini, kwa hiyo usiuondoe ili upate urahisi wa kushika mguu. Mwombe mgonjwa alishike goti lake mwenyewe. Kama goti la upande unaouma ndilo lisilonyooka, msogeze mgonjwa mpaka mguu huo uning'inie nje ya ukingo wa kitanda. Na kama nyonga ya upande usiouma imewahi kubadilishwa kwa kiungo bandia, usiikunje kwa nguvu, kwa sababu inaweza kuchomoka.

Mwendo wa kiungo, na fupanyonga linalodanganya

Vitabu hutaja mipaka ya kawaida ifuatayo kwa mtu mzima: kukunja karibu nyuzi 120, kutanua 40 hadi 45, kuvusha mguu upande wa ndani 20 hadi 30, kuzungusha nje karibu 45, kuzungusha ndani 30 hadi 40, na kunyoosha nyuma 10 hadi 20. Namba hizo ni mwongozo tu. Ulinganisho ulio bora ni nyonga ya pili ya mgonjwa huyohuyo, na ndiyo maana upande mzima hupimwa kwanza.

Jambo ambalo wapimaji wengi hulisahau ni kwamba kiungo kikifika mwisho, fupanyonga huendelea kusogea na kuupa mguu nyuzi ambazo si zake. Unapotanua mguu, mkono wako wa pili uwe kwenye ile ncha ya mbele ya fupanyonga upande wa pili. Pale ncha inapoanza kusogea chini ya kidole chako, mwendo wa nyonga umekwisha, hata kama mguu bado unaonekana kwenda.

Anza na upole kuliko yote. Mguu ukiwa umenyooka kitandani, weka viganja viwili juu ya paja na uuviringishe ndani na nje, ukitazama kidole kikubwa cha mguu kikipepea. Hakuna msuli unaovutwa sana wala mgongo unaosogea. Kinachozunguka ni kichwa cha mfupa ndani ya kikombe chake. Kinena kikiuma kwa mwendo huo mdogo tu, kiungo kina tatizo, na mgonjwa anayekaza mwili mzima kwa uviringisho huu asiendelee kusumbuliwa na vipimo vilivyobaki.

Kisha njoo kwenye mwendo ambao, kwa maoni yangu, ukiwa na dakika moja tu na mgonjwa ndio wa kuupima. Kunja nyonga nyuzi 90 na goti nyuzi 90. Mkono mmoja ushike goti ili lisiyumbe, wa pili ushike kisigino. Peleka unyayo nje, mbali na mguu wa pili: sasa nyonga inazunguka ndani. Peleka unyayo ndani, juu ya mguu wa pili: nyonga inazunguka nje. Unyayo na nyonga vinakwenda kinyume, na anayeandika mwelekeo wa unyayo badala ya wa paja huandika jibu la uongo kwenye faili. Nenda polepole, mtazame mgonjwa usoni, na uhisi mwisho wa mwendo ulivyo: katika nyonga nzima mwendo huisha kwa ulaini, kama kuvuta ngozi ngumu, na katika nyonga iliyosagika, yaani ambayo gegedu lake limelika, hugota ghafla huku tako likiinuka kitandani.

Katika kusagika kwa nyonga, kuzunguka ndani ndiko hupotea mapema kuliko mienendo mingine. Vigezo vilivyotolewa na chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani mwaka 1991 vinalitegemea jambo hilohilo: mtu mwenye maumivu ya nyonga, ambaye nyonga yake huzunguka ndani chini ya nyuzi 15 na kukunjika kwa nyuzi 115 au chini ya hapo, anaweza kuhesabiwa kuwa na ugonjwa huo bila hata picha. Vigezo hivyo vina njia ya pili kwa ambaye bado anazunguka nyuzi 15 au zaidi: awe anaumia katika mzunguko huo, awe na ukakamavu wa asubuhi usiozidi dakika 60, na awe amepita miaka 50.

Vipimo vya kuchokoza

Kipimo ambacho wanafunzi hukijua kwa herufi FADIR huunganisha mienendo mitatu: kunja nyonga nyuzi 90, livute goti kuelekea bega la upande wa pili, na uzungushe nyonga ndani. Huamsha maumivu katika nyonga nyingi zenye kasoro, lakini pia katika baadhi ya zisizo nayo, kwa hiyo thamani yake kubwa ni pale kinapokuwa kimya: kisipouma, kiungo kina uwezekano mdogo wa kuwa chanzo.

Kipimo cha Patrick ni kinyume chake. Weka kifundo cha mguu unaopimwa juu ya goti la mguu wa pili, uuache mguu uanguke nje, kisha ukandamize goti kidogo huku mkono wa pili ukiituliza ncha ya mbele ya fupanyonga upande wa pili. Hapa swali si kama panauma tu, bali ni wapi panauma. Kinena kinaelekeza kwenye kiungo, ubavu kwenye kano za nundu, na nyuma, karibu na vishimo viwili vya chini ya kiuno, kwenye kiungo kinachounganisha fupanyonga na uti wa mgongo. Pima pia umbali wa goti kutoka kitandani na ulinganishe na upande wa pili.

Mwishoni mwombe ainue mguu ulionyooka kiasi cha nyuzi 30 na auzuie usishushwe wakati wewe unaukandamiza kwa upole juu ya paja. Maumivu ya kinena hutoka kwenye kiungo au kwenye msuli mrefu unaopita mbele yake. Kama mgonjwa ana homa na hawezi kabisa kunyoosha nyonga, huku mizunguko ikiwa haina shida nyonga ikikunjwa, fikiria usaha ndani ya msuli huo, unaoweza kushuka kutoka kwenye pingili za mgongo zilizoliwa na kifua kikuu. Usisahau kuupapasa mgongo na tumbo.

Ubavuni, kifudifudi, na yasiyo ya nyonga

Alale ubavu, upande unaouma ukiwa juu, na uibonyeze nundu ya ubavuni kwa kidole kimoja, hasa ukingo wake wa juu na wa nyuma. Mwombe ainue mguu huo huku ukimpinga. Maumivu yanayojirudia hapohapo, pamoja na nyonga inayozunguka bila shida, huondoa haja ya haraka ya picha.

Akilala kifudifudi, kunja magoti yote mawili nyuzi 90 na uache miguu ianguke nje kwa wakati mmoja. Tofauti ya mzunguko wa ndani kati ya pande mbili huonekana kwa macho, na kwa mtoto asiyetulia ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Yaliyobaki yanapita haraka lakini yasirukwe. Inua mguu ulionyooka akiwa chali: maumivu yanayoshuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70 ni ya neva ya mgongo. Papasa kinena akiwa amesimama na umwombe akohoe, kwa ajili ya ngiri. Tafuta mtoki, na ukiupata tazama unyayo na katikati ya vidole, maana mkulima anayekwenda shambani peku anaweza kuwa na kidonda ambacho hakukitaja. Shika mapigo ya damu ya kinena na ya unyayo.

Watoto

Mtoto apimwe kwanza akiwa amepakatwa na mama yake, na upande mzima utangulie. Umri hukusaidia sana. Kati ya miaka 4 na 8 fikiria ugonjwa wa Perthes, ambapo kichwa cha fupa la paja hukosa damu na mtoto huchechemea kwa majuma bila homa. Nyonga yake hutanuka na kuzunguka ndani kwa shida. Kati ya miaka 10 na 16, hasa mwenye uzito mkubwa, fikiria kichwa cha mfupa kilichoteleza kutoka kwenye shingo yake: unapoikunja nyonga, paja lenyewe hugeuka nje na kukataa kurudi. Ukiliona hilo acha kupima, mzuie asikanyage, na umpeleke siku hiyohiyo.

Mchechemeo wa ghafla baada ya mafua, kwa mtoto anayecheza na asiye na homa, mara nyingi hupoa wenyewe ndani ya siku chache. Kazi ni kuutofautisha na usaha. Vigezo vinne vya Kocher na wenzake vya mwaka 1999 bado vinatumika: homa iliyozidi nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu za damu iliyopita milimita 40 kwa saa, na chembe nyeupe zaidi ya 12,000 kwa kila milimita moja ya ujazo wa damu. Viwili vya kwanza hujulikana bila maabara, na mtoto mwenye vyote viwili asisubiri majibu ya damu ili apewe rufaa. Mwenye selimundu aangaliwe kwa jicho kali zaidi, kwa kuwa maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake, maambukizi ya mfupa na kufa kwa kichwa cha mfupa vyote hufanana siku ya kwanza.

Barua ya rufaa

Daktari wa mifupa atakayempokea mgonjwa wako katika hospitali ya KCMC, Mawenzi au Mount Meru hasaidiwi na barua inayosema “maumivu ya nyonga, naomba msaada”. Anahitaji kujua maumivu yako wapi, mgonjwa ameshindwa kufanya nini, mwendo umebaki kiasi gani, na umekwisha kuondoa nini. Kwa mama wa makamo aliyepimwa kwa utaratibu ulioelezwa hapa, barua inaweza kusomeka hivi:

“Mwanamke, miaka 61, mkulima. Maumivu ya kinena cha kulia yanayoshuka hadi gotini kwa miezi minane, hakuna homa, hakuanguka, uzito haujapungua. Hawezi kuchutama wala kukata kucha za mguu wa kulia. Anachechemea, Trendelenburg ina kasoro akisimamia mguu wa kulia. Urefu halisi sawa. Thomas: mkunjo usionyooka nyuzi 15 kulia. Nyonga ya kulia: kukunja 95, kutanua 20, kuzungusha ndani 5 kwa maumivu ya kinena, kuzungusha nje 25. Kushoto: kukunja 120, kutanua 40, kuzungusha ndani 30, kuzungusha nje 45. Goti la kulia halina kasoro. Kuinua mguu ulionyooka hakuna maumivu ya neva. Mapigo ya unyayo yapo. Nashuku kusagika kwa nyonga ya kulia. Naomba eksirei ya fupanyonga, mgonjwa akiwa chali, na ushauri wa tiba. Amepewa parasetamoli na kuelekezwa kushika fimbo mkono wa kushoto.”